KUPAKA RANGI UPYA VYUMA VYA PIKIPIKI NYUMBANI

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Tanga



Tumeombwa tuseme habari ya kazi ambayo kwa masikio ya wengine yaweza kuonekana ndogo, isiyostahili kusomwa mkutanoni, nayo ni kupaka rangi upya vyuma vya pikipiki nyumbani kwa fedha kidogo. Twashukuru kwa heshima hiyo, walakini twaomba msituhesabu kuwa mafundi. Sisi ni makarani, na kazi yetu ni kalamu na jalada. Haya tutakayosema tumeyapata kwa kuuliza mafundi, kwa kusoma maandishi yaliyo juu ya makopo ya rangi, na kwa kuifanya kazi yenyewe uani siku za Jumamosi.

Wengi wetu tulio katika chumba hiki tumenunua pikipiki kwa mkopo, na kila mwisho wa mwezi sehemu ya mshahara hukatwa kabla hatujaushika mkononi. Chombo hicho hutupeleka kazini, hupeleka watoto shule, huleta unga na mkaa nyumbani, na usiku wa ugonjwa ndicho kinachokwenda hospitali. Basi ni jambo la kusikitisha kuona kwamba mara nyingi kutu huanza kukila kabla deni halijaisha. Sisi wa pwani twajua sababu yake. Kutu hutokea chuma kinapokutana na maji pamoja na hewa, na chumvi huiharakisha kazi hiyo. Upepo wa bahari huileta chumvi mpaka mlangoni petu, na umande huilowesha kila usiku. Mahali ambapo rangi imebanduka kwa jiwe moja la barabarani, hata pawe padogo kama punje ya mtama, hapo ndipo mlango wa kutu, nayo ikiisha kuingia hutembea chini ya rangi nzima bila kuonekana.

Kwa hiyo neno letu kuu la leo ni hili: rangi ni nguo ya chuma kizima, na chuma kilichooza hakiponi kwa kuvikwa nguo. Yote tutakayosema baadaye yatoka katika neno hilo.

Mwanachama mmoja, ambaye hatutamtaja jina, alinunua pikipiki kuukuu iliyong'aa kama sahani mpya. Mwezi wa tatu keria yake ilikatika njiani ikiwa imebeba gunia la mahindi. Tulipoutazama mkato, ndani palikuwa pekundu na pepesi kama biskuti, na juu palikuwa na rangi nyeusi nzuri isiyo na doa. Siku ile lilianguka gunia tu. Lakini mwanawe ndiye aliyekuwa akiishika keria ile ile kwa mikono miwili kila asubuhi alipopelekwa shule. Mabwana na mabibi, aliyepaka rangi ile juu ya kutu alitumia shilingi chache, na shilingi hizo chache nusura zimpotezee mtu mtoto wake. Ndiyo maana twasema kazi hii si ndogo.

Basi tuanze kwa utaratibu.

KWANZA, KUCHAGUA VYUMA. Haifai kuanza kwa kwenda dukani. Yafaa kuanza kwa kuiosha pikipiki, kuiweka mahali penye mwanga, na kuitazama chuma baada ya chuma. Palipo na kutu, gonga polepole kwa mpini wa bisibisi, kisha sukuma kwa ncha yake. Chuma kizima hulia na hukataa ncha. Chuma kilichooza hutoa sauti ya kufa, na ncha huzama. Kikiwa kimeoza, hicho si cha rangi tena. Ni cha fundi wa kuchomelea au cha kununuliwa kipya, hata kama fedha ya mwezi huo haitoshi kwa vyote viwili.

Vyuma vinavyofaa kupakwa rangi nyumbani ni keria, stendi, kava la cheni, madigadi ya chuma, vikanyagio vya miguu na vyuma vya kuzuia injini isigonge chini. Hivi hufunguliwa kwa spana mbili tatu, na mkono wa mtu asiye fundi ukikosea kidogo hapana madhara makubwa.

Viko vitu ambavyo rangi isiviguse hata kidogo. Diski ya breki, sehemu ya ndani ya ngoma ya breki, na viatu vyake visipate hata vumbi la rangi, kwa maana breki hushika kwa msuguano, na rangi huuondoa. Mabomba yanayong'aa ya shokamzoba za mbele, yale yanayoingia na kutoka, yasipakwe, maana rangi itakwaruzika na kuharibu mpira unaozuia mafuta. Meno ya bolti na nati, mahali pa beringi, na cheni yenyewe, viachwe. Kadhalika mahali ambapo waya wa umeme umefungwa juu ya fremu pawe chuma kitupu, kwa kuwa rangi huzuia umeme, na mtu ataitafuta sababu ya taa kufifia asiione. Na zaidi ya yote, namba ya fremu iliyopigwa mhuri katika chuma, pamoja na namba ya injini, zisisuguliwe wala zisizibwe kwa rangi nzito. Namba hizo ndizo shahidi kwamba chombo ni chako. Ukizifuta, askari atakuwa na haki ya kukuuliza maswali ambayo karani hapendi kuulizwa.

Tangi la petroli tumeliweka peke yake. Wengi hutaka kuanza nalo kwa kuwa ndilo linaloonekana, lakini sisi twashauri liwe la mwisho, au lipelekwe kwa fundi. Sababu ni mbili. Rangi ya kawaida ya kopo haivumilii petroli: tone likimwagika wakati wa kujaza, rangi hulainika na kukunjamana. Rangi inayoivumilia vizuri ni ile inayochanganywa na dawa ya kuigandisha, nayo ina sumu tutakayoieleza baadaye. Sababu ya pili ni moto. Tangi lililomwagwa petroli yote bado lina mvuke ndani yake, na mvuke huo ndio unaowaka. Nao ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hulala chini na kutambaa mpaka kwenye jiko la mkaa lililo mbali.

PILI, HESABU YA FEDHA. Bei hatutazitaja, maana hubadilika kutoka duka hadi duka, lakini vipimo twaweza kuvisema. Kwa keria, stendi, kava la cheni na madigadi mawili, yatosha kununua karatasi mbili za msasa namba 80 au 120, mbili za namba 240, na mbili za namba 400. Brashi moja ya waya. Tepu ya karatasi. Kopo moja la praima, yaani rangi ya kwanza ya kushika chuma. Na makopo mawili ya rangi yenyewe. Kopo la kawaida la kupuliza huwa na mililita 400. Magazeti ya zamani, matambara na sabuni mtu anavyo nyumbani.

Anayetaka kupunguza zaidi, na aache makopo ya kupuliza kwa vyuma visivyo mbele ya macho. Kopo la kupuliza ni uvumbuzi wa kupendeza. Mwaka 1949 Edward Seymour, mtu wa mji wa Sycamore katika jimbo la Illinois, Marekani, alitia rangi katika kopo lenye hewa ya kusukuma, na tangu hapo mtu asiye na mashine aliweza kupuliza rangi kama fundi. Lakini katika kupuliza keria yenye vyuma vyembamba, sehemu kubwa ya rangi hupita katikati na kwenda na upepo, nawe umeilipia. Rangi ya mafuta ya kopo la kawaida, ikipakwa kwa brashi ya inchi moja katika tabaka nyembamba mbili, hukaa vizuri juu ya keria na stendi, na kopo dogo hufanya kazi nyingi. Hasara yake ni kwamba hukauka polepole, na alama za brashi huonekana kidogo. Kwa stendi iliyo chini ya pikipiki, ni nani atakayeinama kuzitazama?

Hapa twaomba ruhusa kusema neno moja la ndani ya chama. Wako wanaofanya kazi karibu na bohari, ambako rangi, tina na msasa vimepangwa rafuni. Kopo lililobaki nusu bado limeandikwa katika daftari, na hata lisipoandikwa, si letu. Pikipiki iliyopakwa rangi ya bohari huwa imepakwa pia jina la mwenyewe, nalo halisuguliki kwa msasa. Fedha ya makopo matatu ni bora kuliko barua moja ya kujieleza.

TATU, KUTAYARISHA CHUMA. Katika saa kumi za kazi hii, saa nane ni za kutayarisha. Mtu asiye na fedha ana saburi, na saburi ndiyo inayofanya rangi ya bei ndogo ishinde rangi ya bei kubwa iliyopakwa kwa haraka.

Fungua chuma kitoke kwenye pikipiki. Bolti zake ziweke katika kikopo, na kwa karatasi uandike zimetoka wapi. Sisi makarani tusishindwe na kuandika. Grisi nzito iondolewe kwa mafuta ya taa na tambara, kisha chuma kioshwe mara mbili kwa maji ya sabuni na kusuuzwa. Hatua hii ifanywe kabla ya msasa, maana msasa juu ya grisi huipeleka grisi ndani ya mikwaruzo, na rangi haitashika. Baada ya hapo usikishike kwa vidole vitupu, kwa kuwa jasho la mkono lina mafuta na chumvi.

Kutu iondolewe kwa brashi ya waya, kisha msasa namba 80 au 120, mpaka chuma kionekane cheupe. Ile rangi ya zamani inayoshika imara haina haja ya kuondolewa yote. Yatosha kuisugua kwa namba 240 mpaka ing'ao wake ufe, na ukingo wake ulainishwe hata kidole kikipita kisihisi ngazi. Ngazi iliyoachwa chini ya rangi mpya huonekana maradufu rangi ikikauka. Maliza kwa namba 400. Vitu vidogo visivyobeba uzito, kama vibanio na skurubu za kava, huweza kulazwa katika siki usiku mmoja. Asubuhi kutu hutoka kwa mswaki wa zamani, kisha vioshwe vizuri na kukaushwa upesi.

Ukisugua kwa maji, jambo ambalo ni jema kwa mapafu kwa sababu halirushi vumbi, kausha chuma papo hapo na kukiweka juani. Chuma kitupu chenye unyevu huanza kupata wekundu kabla chai haijapoa. Kwa sababu hiyo hiyo praima sharti ipakwe siku ile ile. Aliyesugua Jumamosi akalala, akapaka Jumapili, amepaka juu ya kutu mpya ya umande wa usiku.

Vitu vya plastiki vina sheria yake. Geuza kipande utazame nyuma. Mara nyingi utakuta herufi zimepigwa. Zikiwa ABS, rangi hushika ikisuguliwa vizuri, ila tina kali itaiyeyusha. Zikiwa PP, rangi ya kawaida itabanduka kama ngozi ya kitunguu usipotangulia kupuliza praima maalumu ya plastiki.

NNE, KUPAKA. Chagua siku kavu isiyo na upepo, tangu saa tatu asubuhi umande ukiisha kuondoka, na usipitishe saa tisa. Hewa yenye unyevu mwingi huifanya rangi iwe na ukungu mweupe, na wakati wa masika ni heri kungoja. Ning'iniza chuma kwa waya kivulini, mwagia maji sakafu ya chini ili vumbi lisiruke, na uzibe kwa tepu kila mahali pasipotakiwa rangi.

Tikisa kopo dakika mbili tangu uliposikia gololi ya ndani ikicheza. Lishike umbali wa sentimeta 20 hadi 30. Anza kupuliza nje ya chuma, pita juu yake kwa mwendo mmoja, umalizie nje upande wa pili, na kila mpito ufunike nusu ya ule uliotangulia. Tabaka la kwanza liwe jepesi hata chuma kiendelee kuonekana. Hapo ndipo moyo wa mtu hujaribiwa, maana hutaka kuona rangi yote kwa mara moja. Naye aliye na pupa huongeza, na rangi hutiririka kama machozi. Ngoja muda ulioandikwa juu ya kopo, mara nyingi ni dakika 10 hadi 15, kisha pita tena. Praima tabaka mbili na rangi tabaka tatu zatosha. Ikitokea chozi, usilifute likiwa bichi. Acha likauke kabisa, ulisugue kwa msasa laini, upulize tena mahali pale tu.

Praima na rangi zitoke kwa mtengenezaji mmoja ikiwezekana. Rangi za asili mbalimbali zikikutana, ya juu huweza kuikunja ya chini, na kazi yote hurudi mwanzo. Ukiwa na shaka, jaribu kwanza mahali pasipoonekana.

Bomba la moshi halipakwi rangi hii, kwa kuwa litaungua siku ya kwanza. Iko rangi ya kuvumilia joto, ambayo kwa kawaida huandikwa kopo lake kwamba yastahimili nyuzi 600 za sentigredi. Hiyo haikomai kwa jua tu: sharti injini iwashwe kidogo, izimwe ipoe, iwashwe tena kwa muda mrefu zaidi, mpaka joto liigandishe.

Chuma kilichopakwa kilale usiku mzima kabla ya kufungwa, na kwa juma moja kisiguswe kwa petroli wala kusuguliwa kwa nguvu. Rangi iliyokauka juu bado ni laini ndani.

TANO, AFYA NA USALAMA. Rangi za zamani huweza kuwa na risasi ndani yake, na vumbi lake ni sumu, zaidi sana kwa watoto wadogo. Kwa hiyo sugua kwa maji, watoto wakae mbali, na nguo ya kazi ifuliwe peke yake. Usipulizie rangi ndani ya chumba kilichofungwa, wala karibu na jiko, taa ya moto au sigara. Kopo lisiachwe juani wala lisipate joto la kupita nyuzi 50, kwa maana huweza kupasuka. Barakoa ya nguo huzuia sehemu ya vumbi tu, wala haizuii mvuke. Ama ile rangi ya kuchanganywa na dawa ya kugandisha, mara nyingi dawa hiyo huwa na kemikali iitwayo isosayaneti, nayo huweza kumpa mtu pumu ya kudumu. Hiyo iachwe kwa fundi mwenye vifaa vyake vya kupumulia. Kuokoa shilingi na kupoteza pumzi si hesabu ya karani.

SITA, UAMINIFU. Kadi ya usajili huonyesha rangi ya chombo. Anayebadili rangi kutoka nyekundu kuwa nyeusi yampasa kuipeleka habari Mamlaka ya Mapato, ambayo ndiyo inayosajili vyombo vya moto hapa Tanzania. Njia rahisi kuliko zote ni kurudia rangi ile ile ya kwanza. Na siku ya kuuza pikipiki ikifika, mwambie mnunuzi palipopakwa na palipochomelewa. Pengine bei itapungua kidogo. Lakini mnunuzi huyo naye ana mtoto atakayeshika keria.

Bwana Mwenyekiti, wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi twaongeza kwamba azibaye ufa kwa chokaa peke yake hajaziba kitu. Twashauri, kama wanachama wataona vema, kwamba tununue kwa pamoja brashi za waya, spana na misasa, vitunzwe na katibu, kila mmoja aviazime kwa kutia sahihi na kuvirudisha vikiwa safi. Kwa namna hiyo hakuna atakayelipa peke yake kitu anachokitumia siku mbili kwa mwaka. Na Jumamosi ya kwanza ya kiangazi, aliye na keria yenye kutu na aje nayo uani. Tutaigonga kwanza kwa mpini wa bisibisi, tusikilize inasema nini, ndipo tufungue kopo.